Utabiri wa Akili Unde: Namna ya Kuutumia Shambani, Ziwani na Baharini

Mkulima wa Kongwa anayesubiri mvua za kupandia, mama wa Mwanza aliyeanika dagaa, na nahodha anayetaka kuvuka kutoka Mafia kwenda Nyamisati wana swali moja: hali ya hewa itaniruhusu? Zamani jibu lilisubiriwa redioni, baada ya taarifa ya habari. Siku hizi simu ya mkononi hulitoa papo hapo, na nyuma ya majibu mengi ya aina hiyo sasa ipo akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba.

Haya ni mageuzi makubwa na nayapokea kwa mikono miwili. Hata hivyo wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akili unde imeshamaliza siku zake za ugeni. Tuipe jembe, na kabla ya kuipa jembe tujue inaweza kulima wapi na wapi haiwezi.

Ushauri wote nitakaoutoa hapa unatokana na jambo moja: mashine hizi hujua kile kilichopimwa. Penye vipimo vingi zitakusaidia kuliko chombo chochote tulichowahi kuwa nacho. Penye vipimo haba zitakisia, na zitakisia kwa sauti ileile ya uhakika. Msomaji akilishika hilo, mengine yote yatamfuata.

Mashine hujifunzaje

Kwa miongo mingi utabiri umefanywa kwa fizikia. Mwingereza Lewis Fry Richardson aliieleza njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1922: ligawe anga katika vipande, chukua hali ya kila kipande, kisha tumia kanuni za mwendo wa hewa, joto na unyevu kukokotoa hali itakavyokuwa saa zijazo. Yeye alikokotoa kwa mkono na hakufanikiwa. Mwaka 1950 kompyuta ya ENIAC huko Marekani ikaifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza. Njia hiyo bado ndiyo mhimili wa ofisi kubwa za utabiri duniani, nayo hudai kompyuta kubwa zinazokula umeme mwingi.

Akili unde hupita njia nyingine. Haipewi kanuni, inapewa kumbukumbu. Inayotumika zaidi ni ile iitwayo ERA5, iliyotengenezwa na kituo cha pamoja cha nchi za Ulaya cha utabiri, ECMWF. Hiyo ni rekodi ya anga ya dunia nzima, saa kwa saa, tangu mwaka 1940. Modeli ya GraphCast ya Google DeepMind, iliyotangazwa katika jarida la Science mwaka 2023, ilisomeshwa hali ya hewa ya kuanzia 1979 hadi 2017. Baada ya hapo iliweza kutoa utabiri wa siku 10 kwa muda usiotimia dakika moja, na ilipolinganishwa na modeli bora ya fizikia ya ECMWF iliishinda katika takriban asilimia 90 ya vigezo 1,380. Mwaka huohuo Pangu-Weather ya Huawei ilichapishwa katika jarida la Nature. Tarehe 25 Februari 2025 ECMWF yenyewe ilianza kutumia rasmi modeli yake ya akili unde, AIFS, sambamba na ile ya fizikia. Kituo hicho kinasema AIFS hutumia nishati ndogo mara elfu moja hivi kutengeneza utabiri mmoja.

Kuna mambo mawili hapa yanayomhusu mkulima na mvuvi moja kwa moja. La kwanza, modeli hizi haziwezi kuanza kazi bila kuambiwa hali ya hewa ya sasa hivi, na hali hiyo hutokana na setilaiti, puto, meli, ndege na vituo vya ardhini. La pili, zimejifunza kutoka kwenye rekodi ya zamani, na rekodi hiyo haina ubora sawa kila mahali. Palipokosekana vipimo, ERA5 ilijazwa kwa makadirio ya modeli ya fizikia. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, limeeleza kwamba mtandao wa vituo vya ardhini barani Afrika una msongamano wa moja ya nane tu ya kiwango cha chini kinachopendekezwa. Kwa hiyo mashine iliyosoma mvua za Ulaya kutoka kwenye vipimo vingi imesoma mvua za kwetu kutoka kwenye vipimo vichache na makadirio mengi.

Wapi uiamini, wapi uihoji

Iamini zaidi katika mambo mapana: mwelekeo na nguvu ya upepo baharini, mgandamizo wa hewa, joto la siku zijazo, na njia itakayopitwa na kimbunga. Haya huenea mamia ya kilomita na setilaiti huyaona vizuri, hata mahali pasipo na kituo cha ardhini. Kwa njia za vimbunga, ECMWF inasema AIFS imeleta nafuu inayofika hadi asilimia 20 kuliko modeli za fizikia. Kwa mtu wa pwani, hiyo ina maana ya muda zaidi wa kuvuta ngalawa na kuondoa watoto mabondeni.

Ihoji katika mvua ya shamba lako. GraphCast na AIFS huigawa dunia katika masanduku yenye upana wa kilomita 28 hivi. Sanduku moja ni karibu kilomita za mraba 780, na kwa kila sanduku modeli hutoa namba moja ya mvua. Kisiwa chote cha Unguja ni kama masanduku mawili. Mji wa Moshi na migomba ya Kibosho iliyo juu yake vinaweza kuangukia katika sanduku moja, ingawa kila mwenyeji wa Kilimanjaro anajua kwamba ukipanda mlima mvua huongezeka. Tena mvua zetu nyingi huletwa na mawingu ya radi yenye upana wa kilomita chache, yanayojengeka mchana na kwisha kabla ya usiku kuingia. Jirani analoa, wewe unapata vumbi. Namba iliyoonyeshwa na simu haikukudanganya. Ilikuwa inazungumzia eneo zima, na wewe ukaisoma kama ya shamba lako.

Ihoji pia katika matukio makali yasiyotokea mara nyingi. Modeli nyingi za aina hii hufundishwa kwa kuadhibiwa kila zinapokosea, na anayeadhibiwa kwa kila kosa hujifunza kusema la katikati. Matokeo yake ni kwamba kilele cha mvua hupunguzwa na upepo mkali hulainishwa. Utafiti ulioongozwa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Chicago, uliochapishwa mwaka 2025, ulionyesha hatari hiyo waziwazi. Waliifundisha modeli baada ya kuondoa vimbunga vyote vikali kwenye rekodi, kisha wakaipa vimbunga vya daraja la tano. Modeli iliviona vinakuja, lakini kila mara ilisema vitakuwa dhaifu kuliko vilivyokuwa. Jambo ambalo halimo kwenye rekodi ni gumu kwake kuliwaza. Kwa hiyo simu inapokuonyesha mvua kubwa, ihesabu namba ile kuwa kiwango cha chini cha kujiandaa, usiihesabu kuwa kikomo.

Anza na uamuzi, si na utabiri

Kosa la wengi ni kufungua simu na kuuliza tu, "Mvua itanyesha?" Swali hilo halina mwisho. Anza na uamuzi ulio mbele yako: kufunika dagaa au kuwaacha, kupulizia dawa leo au keshokutwa, kuvuka au kulala. Kisha jiulize mambo mawili. Nikijikinga bure nitapoteza kiasi gani? Nisipojikinga na mvua ikaja nitapoteza kiasi gani?

Chukua mfano wa dagaa. Tuseme turubai na kibarua wa kufunika vinakugharimu shilingi 10,000, na dagaa wakinyeshewa unapata hasara ya shilingi 100,000. Gawanya gharama ya kinga kwa hasara: elfu kumi kwa laki moja ni moja ya kumi. Basi kila utabiri unapoonyesha uwezekano wa mvua wa asilimia 10 au zaidi, funika. Usisubiri asilimia 60. Atakayesubiri asilimia 60 atafurahi siku nyingi, na hasara ya siku chache itakula furaha yote.

Geuza upande wa pili. Umepanga kukodi trekta kwa laki moja na nusu ukitumaini mvua itanyesha kesho na ardhi ilainike, na isiponyesha pesa hiyo imepotea, huku kusubiri siku tatu hakukugharimu chochote kikubwa. Hapo asilimia 40 haitoshi, na hata 60 ni ya kufikiria mara mbili. Utabiri uleule, siku ileile, unaweza kumwambia mmoja afunike na mwingine asubiri, na wote wawili wakawa wamefanya sawa.

Ndiyo maana nakushauri uchague programu ya simu inayoonyesha asilimia badala ya picha ya wingu peke yake. Picha ya wingu imeshakuamulia, na mtengenezaji wake hajui kama wewe una dagaa au una trekta. Na uisome asilimia ipasavyo. Asilimia 70 maana yake ni kwamba katika siku kumi za namna hiyo, saba zitapata mvua na tatu hazitapata. Siku moja kati ya zile tatu ikikuangukia, utabiri haujasema uongo.

Modeli mpya zimerahisisha sana jambo hili. Kwa kuwa akili unde ni nyepesi kuendesha, inaweza kutoa tabiri nyingi za siku ileile, kila moja ikianza na tofauti ndogo, kisha zikahesabiwa ngapi zina mvua. GenCast ya Google DeepMind, iliyochapishwa katika Nature Desemba 2024, hufanya hivyo hadi siku 15 mbele. Humu ndimo ninamoiona faida kubwa zaidi ya teknolojia hii kwa watu wa kwetu: kupewa uwezekano, ili kila mtu aupime kwa mizani ya mfuko wake.

Siku ya kupanda

Hakuna uamuzi unaomgharimu mkulima kuliko tarehe ya kupanda. Mvua ya kwanza inanyesha, watu wanakimbilia mashambani, mbegu inaota, halafu jua linachoma wiki mbili. Mbegu imekwenda, mbolea imekwenda, na muda wa msimu umekatwa.

Kituo cha hali ya hewa cha kanda, ICPAC, chenye makao yake karibu na Nairobi na kinachohudumia nchi 11 zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, hutumia kipimo kinachoweza kukufaa hata wewe. Mvua zimeanza kweli pale zinapofika milimita 20 ndani ya siku tatu mfululizo, na zisipofuatiwa na siku saba kavu mfululizo katika siku 21 zinazofuata. Kipimo hicho kina nusu mbili. Ya kwanza unaweza kuipima mwenyewe shambani. Ya pili iko mbele, na ndiyo unayoihitaji akili unde.

Fanya hivi. Usihesabu mvua uliyoiona kwa macho. Ipime, na ngoja itimie milimita 20. Ikitimia, fungua utabiri wa siku 10 hadi 15 na utafute jambo moja tu: je, kuna wiki kavu inayokuja? Usitazame mvua ya Jumanne hii au Alhamisi ile, maana kwa umbali huo siku mojamoja haziaminiki. Tazama wiki nzima kwa ujumla wake. Wiki ya pili ikionekana kavu na huna haraka, subiri. Ikionekana na unyevu, panda. Na ukiwa na wasiwasi, panda nusu ya shamba sasa na nusu baadaye, au tenga kipande cha mtama na uwele kwa ajili ya mwaka mbaya. Utabiri mzuri hauondoi busara ya kugawa mbegu.

India imeonyesha kwamba jambo hili linawezekana kwa watu wengi. Mwaka 2025 wizara yake ya kilimo iliwatumia wakulima takriban milioni 38 ujumbe wa simu kuhusu lini mvua za monsuni zitaanza katika maeneo yao, hadi wiki nne mapema. Utabiri ule ulichanganya modeli mbili, NeuralGCM ya Google na AIFS, pamoja na rekodi za mvua za India za zaidi ya karne moja. Mvua zilipoanza kisha zikasimama njiani, wakulima walikuwa wameshaambiwa. Ninawaomba maafisa ugani wetu wazingatie mambo mawili katika habari hiyo. Ujumbe ule ulijibu uamuzi mmoja tu, wa kupanda. Na mashine ilifanya kazi juu ya msingi wa vipimo ambavyo watu walikuwa wameviandika tangu enzi za babu zao.

Kwetu pia kazi imeanza. ICPAC, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na ECMWF, imetengeneza modeli ya akili unde inayochukua utabiri wa dunia na kuurekebisha ulingane na mvua za Afrika Mashariki, kazi ikianzia Kenya na Ethiopia. Modeli hiyo haidai kompyuta kubwa ya mabilioni. Huu ndio mwelekeo wa kuungwa mkono: kuchukua kilichotengenezwa mbali na kukifundisha mvua za hapa.

Ziwani na baharini

Kwa mvuvi ushauri wangu ni mkali zaidi, kwa sababu anachokiweka rehani ni uhai.

Ziwa Victoria, lenye karibu kilomita za mraba 69,000, hujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mvua hunyesha zaidi pembezoni. Usiku mambo hugeuka. Ziwa hubaki na joto, pepo za nchi kavu hutoka kila upande zikakutana juu ya maji, na mawingu ya radi hupanda kwa kasi katikati ya usiku na alfajiri, saa zilezile mvuvi wa dagaa yuko kazini na taa zake. Dhoruba ya namna hiyo ni ndogo na ya ghafla mno kwa modeli yenye masanduku ya kilomita 28. Usiitegemee programu ya kawaida ya simu kukuonya juu yake.

Kinachoweza kukuonya ni rada, setilaiti na watu wanaozitazama usiku kucha. Mradi wa HIGHWAY, ulioendeshwa na WMO pamoja na mamlaka za hali ya hewa za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda kwa ufadhili wa Uingereza, ulijenga utaratibu wa kutoa taarifa za upepo na mawimbi kwa kila ukanda wa ziwa, ukizitangaza redioni na kwenye mialo kwa lugha ambazo wavuvi wanazijua. Zitafute taarifa hizo kabla ya jua kuzama, na viongozi wa vikundi vya usimamizi wa mialo (BMU) wazibandike mwaloni kila siku.

Baharini, Kimbunga Hidaya cha mwanzoni mwa Mei 2024 ni somo zuri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilitoa taarifa mfululizo kikiwa bado mbali, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Kimbunga kilipofika Mafia kilipoteza nguvu. Wapo waliosema wametishwa bure. Sikubaliani nao. Rudi kwenye hesabu ya dagaa: siku moja bila boti ni gharama ndogo, boti moja iliyozama haina bei. Kinga iliyochukuliwa kwa hesabu nzuri ni kinga sahihi hata adui asipofika.

Kwa hiyo shika kanuni hii na uwafundishe vijana wako: mamlaka ikitoa angalizo au tahadhari na simu yako ikaonyesha jua, fuata mamlaka. Mtabiri wa zamu anaziona modeli za fizikia, za akili unde, picha za setilaiti na rada kwa pamoja, na sheria imempa dhamana ya kukuonya. Mamlaka ikinyamaza na simu ikaonyesha upepo mkali, chukua upande wa hadhari vilevile. Ujasiri wa mvuvi usipimwe kwa kupuuza onyo.

Msimu mzima

Kuhusu utabiri wa msimu, ujue kwanza kwamba vuli na masika si sawa. Mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, hufuata kwa karibu joto la bahari. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, uliopakana na sisi, ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, vuli huwa nyingi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019, na tena mwaka 2023 pamoja na El Niño, na mafuriko yakafuata. Hali ikigeuka na La Niña ikashika, ukame hubisha hodi. Kuanzia mwishoni mwa 2020 Pembe ya Afrika ilipoteza misimu mitano mfululizo. Bahari hubadilika taratibu, kwa hiyo vuli inaweza kutabiriwa miezi kadhaa mapema kwa kiasi cha kuridhisha.

Masika haina kamba kama hiyo ya kuishika. Wataalamu wanapambana nayo kwa miaka mingi, na akili unde haijawa mwarobaini wake. Utabiri wa vuli utumie kupanga: mbegu gani, ekari ngapi, mifugo mingapi ya kubaki nayo. Utabiri wa masika upokee kwa hadhari, na utegemee zaidi taarifa za wiki kwa wiki. Na taarifa inaposema "wastani hadi juu ya wastani", elewa kwamba inazungumzia jumla ya msimu. Msimu unaweza kumalizika na jumla kubwa huku katikati yake ukawa umekausha mahindi yanapotoa mbelewele.

Zana nyingine, na onyo moja

Akili unde haikuishia mawinguni. Huduma ya Google iitwayo Flood Hub hutabiri mafuriko ya mito hadi siku saba mbele, na utafiti wake uliochapishwa katika Nature Machi 2024 ulionyesha manufaa makubwa hasa kwa mito isiyo na vipimo vingi, kama ilivyo mingi ya Afrika. Anayelima au kuishi kando ya mto aangalie kama mto wake umo. Programu ya Nuru ya PlantVillage hutambua magonjwa ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia, kwa kupiga picha ya jani, na hufanya kazi hata pasipo intaneti. Ichukue kama mshauri wa kwanza, kisha mwite afisa ugani.

Onyo ni kuhusu programu za mazungumzo zinazojibu kila swali kwa maandishi mazuri. Ukiiuliza programu ya namna hiyo kama kesho mvua itanyesha Iringa, inaweza kukujibu kwa ufasaha bila kuwa imeangalia utabiri wowote. Usipande wala usisafiri kwa jibu hilo. Kazi inayoweza kuifanya vizuri ni nyingine: nakili taarifa yote ya TMA au ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, uipe, uombe ikueleze kwa lugha nyepesi wilaya yako imesemwa nini na uwezekano ni kiasi gani. Kisha linganisha maelezo yake na taarifa yenyewe.

Kipima mvua nyumbani kwako

Nimeuacha mwisho ushauri ninaouthamini kuliko yote. Nunua kipima mvua, au tafuta chombo cha plastiki chenye mdomo na kitako vya upana mmoja na kuta zilizonyooka. Kifunge kwenye nguzo mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti au nyumba hiyo. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile inayotumiwa na vituo vya kanda yetu, pima kina cha maji kwa rula, andika, mwaga. Siku isiyo na mvua andika sifuri. Sifuri nayo ni kipimo. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo milimita 20 kwenye ekari moja ni karibu lita 81,000 za maji. Ukiijua hesabu hiyo hutaita tena manyunyu kuwa mvua.

Katika daftari hilo weka safu mbili: utabiri wa simu wa siku hiyo, na kilichopatikana. Msimu ukiisha, hesabu. Siku ambazo simu ilisema asilimia 70, ni ngapi zilipata mvua? Zikiwa tano kati ya kumi, umejua kwamba kwako asilimia 70 ya programu hiyo ni 50, na msimu ujao utaamua kwa namba iliyorekebishwa. Hicho ndicho wanachofanya wanasayansi wa ICPAC kwa kompyuta, na wewe utakuwa umekifanya kwa kalamu.

Wala usitupe dalili za wazee. Magharibi mwa Kenya, wazee wa ukoo wa Nganyi wanaotambua majira kwa miti, ndege na upepo wamekaa meza moja na wataalamu wa hali ya hewa kutoa utabiri wa pamoja. Andika dalili hizo katika daftari lilelile, zipimwe kama simu inavyopimwa. Zitakazosimama zitaheshimiwa kwa haki.

Kwa walimu wakuu, madiwani na viongozi wa ushirika, ombi langu ni hili: kila shule iwe na kipima mvua na daftari linalofuatwa na wanafunzi, na namba zake zipelekwe mamlakani. Kwa vijana wanaojua kuandika programu: ECMWF hutoa matokeo ya AIFS bure. Yachukueni, yalinganisheni na vipimo vya wilaya zenu, mtafute yanapokosea na kwa nini, na mfanye hivyo pamoja na mamlaka za hali ya hewa ili umma usichanganywe na sauti nyingi. Kwa wanaopanga bajeti: kituo cha hali ya hewa kilichokufa kwa kukosa betri ni hasara kwa kila modeli itakayotengenezwa miaka hamsini ijayo.

Akili unde itazidi kuwa bora, hilo sina shaka nalo. Itakuwa bora kwetu pale tu mvua zetu zitakapokuwa zimepimwa na kuandikwa. Anza kupima msimu huu.